Protini za Ishara za Binadamu Maabarani: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Malindi na Lamu

Chukua kichupa chenye mikrogramu 50 za GM-CSF, protini inayochochea seli za damu kukua, kiinue kwenye mwanga. Huenda usione kitu. Pengine utaona utando mweupe chini, kama chumvi iliyokaukia jiweni maji yalipokupwa. Hata huo utando si protini. Ni chumvi na sukari zilizokaushwa pamoja nayo. Protini yenyewe ni kidogo kuliko vumbi linaloshika ncha ya kidole, na kuna vichupa vizima vilivyowahi kutupwa kwa kudhaniwa vitupu. Kwa sababu ya uchache huo, kazi inafaulu au inaharibika ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya kichupa kufunguliwa. Wiki mbili baadaye seli zikikataa kuitikia, lawama huziangukia seli, kumbe kosa lilishafanyika siku ile.

Tunazungumzia protini ambazo seli hutumia kupashana habari: saitokini kama IL-2, IL-4, IL-6, TNF-alfa na intaferoni gama, na vichocheo vya ukuaji kama EGF, FGF-2 na TGF-beta 1. Hutengenezwa kwa kuipandikiza jeni ya binadamu ndani ya bakteria au ndani ya seli zinazokuzwa kwenye matangi. Ni za utafiti tu. Kichupa cha aina hii hakidungwi mtu, hata kama jina lake linafanana na la dawa iliyoko hospitalini.

Kabla ya kuagiza

Anza na swali la seli: unazo za nani? GM-CSF, IL-4 na intaferoni gama za binadamu hazifanyi kazi kwenye seli za panya. IL-2, IL-6 na EGF za binadamu zinafanya kazi kwa wote wawili. TNF-alfa ya binadamu hushika kipokezi cha kwanza cha panya na kukiacha cha pili, kwa hiyo matokeo yake kwa panya ni nusu ya hadithi.

Kisha tazama imetengenezwa ndani ya nini. Bakteria *E. coli* haziweki sukari juu ya protini. Seli za mamalia kama CHO na HEK293 huweka. Ndiyo maana GM-CSF ya bakteria huonekana kwenye jeli (utando wa kutenganisha protini kwa uzito) kama mstari mmoja safi karibu na kilodaltoni 14.5 (kipimo cha uzito wa molekuli), na ile ya seli za mamalia huonekana kama moshi mpana uliopanda juu zaidi. Zote mbili ni nzima. Kwa majaribio ya seli ndani ya sahani, ya bakteria hutosha na ni nafuu. TGF-beta 1 ni habari nyingine: ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja, kilodaltoni 25 kwa jumla, na unapaswa kuichukua iliyotoka kwenye seli za mamalia.

Omba cheti cha uchambuzi cha bechi ileile utakayouziwa, si cha mfano. Humo soma usafi (asilimia 95 na kuendelea), kiasi cha endotoksini (mabaki ya kuta za bakteria), nguvu iliyopimwa na imepimwa kwa seli gani, na kimiminika protini ilichokaushwa nacho. Uliza pia kama imechanganywa na albumini, protini nyingine ya kuibeba. Yenye albumini hudumu vizuri zaidi. Isiyo na albumini unaihitaji tu ikiwa utaipaka kwenye sahani ya ELISA (kipimo cha protini kwa kingamwili), utaibandika rangi, au utatumia seli zisizotakiwa kuguswa na albumini.

Safari hadi Malindi, na kuvuka hadi Lamu

Unga uliokaushwa kwa baridi ni mvumilivu kuliko watu wanavyodhani. Siku chache za joto la kawaida la chumba haziuharibu, na wauzaji wengi huusafirisha bila barafu yoyote. Kwa hiyo pakiti za jeli za ubaridi zikifika zimeyeyuka, usikatae mzigo wa unga. Kinachoua ni jua la moja kwa moja: sanduku lililoachwa saa saba mchana juu ya gati ya Mokowe, au ndani ya gari lililofungwa vioo. Mwambie anayepokea alifunike na aliweke kivulini, basi.

Protini iliyokuja ikiwa majimaji yaliyogandishwa ni jambo jingine. Hiyo lazima ifike na barafu kavu ingali ndani ya sanduku, na ikiwa imeisha, piga picha na uandike saa kabla ya kugusa kitu. Barafu kavu iko kwenye -78.5°C na sanduku la povu hupoteza kilo 2 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo mzigo unaotoka Nairobi kwa barabara hadi Mokowe, kisha kwa boti hadi kisiwani, uhesabiwe kwa siku mbili na si moja. Abiria wa ndege haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 2.5, tena kwa idhini ya shirika la ndege. Sanduku lisizibwe kabisa, maana gesi inayotoka italipasua, na ndani ya boti likae sitahani penye upepo. Gesi ya kaboni dioksidi hutulia chini, na mtu aliyelala karibu na sanduku ndani ya chumba cha boti anaweza kuzirai bila kunusa chochote.

Umande: adui wa kwanza wa Pwani

Hapa ndipo mwongozo ulioandikwa kwa nchi za baridi unapomtupa mtu wa Malindi. Hewa ya 30°C yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida hapa kwetu, humwaga umande juu ya kitu chochote kilicho chini ya 25°C. Kichupa kilichotoka kwenye friza ya -20°C kikifunguliwa papo hapo huvuta hewa hiyo ndani, na unga hulowa. Ukilowa nusunusu hunata, hujikunja kama sukari iliyoachwa wazi wakati wa masika, na protini huanza kushikana yenyewe kwa yenyewe kabla hujaongeza tone la maji.

Fanya hivi:

1. Toa kichupa kwenye friza kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, pamoja na pakiti ya silika kavu. Umande utakaa nje ya mfuko.
2. Ngoja dakika 30 hadi 45. Gusa mfuko: usipokuwa na ubaridi hata kidogo na nje yake pakiwa pakavu, ndipo ufungue.
3. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 3,000 g kwa dakika 2, kizibo kikiwa bado kimefungwa. Unga mwepesi hupanda chini ya kizibo safarini. Usipoushusha, utaufungua ukaruke, na nusu ya pesa yako itabaki kwenye glavu.
4. Futa kizibo kwa alkoholi ya asilimia 70, ngoja ikauke kabisa, kisha fungua ndani ya kabati safi la hewa iliyochujwa.

Kama maabara ina kiyoyozi, ni vizuri, lakini chumba cha 22°C hakikuondolei kusubiri. Kinakupunguzia tu.

Maji gani, na kimiminika gani

Kwa protini nyingi maji safi yanatosha, ila neno "safi" hapa lina maana yake. Maji yaliyokenekwa maabarani na kupitishwa kwenye otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo) hayana bakteria hai, lakini mabaki ya kuta za bakteria, yaani endotoksini, yamo yaleyale. Otoklevu haiyavunji. Hayo huvunjwa kwa joto kavu la 250°C kwa dakika 30, jambo linalowezekana kwa vyombo vya kioo na si kwa maji. Njia rahisi iko kwenye duka la dawa: ampuli ya mililita 10 ya maji ya kuchanganyia sindano, ambayo kisheria hayatakiwi kuzidi uniti 0.25 za endotoksini kwa mililita. Soma lebo: yasiwe yale yenye alkoholi ya benzili ya kuzuia bakteria, maana hiyo hudhuru seli.

Zipo zinazotaka asidi. IL-2 huchukia maji yasiyo asidi wala alkali na hufanya ukungu, iyeyushe kwanza katika asidi asetiki ya milimola 100 (mikrolita 57.5 za asidi asetiki kali ndani ya maji ya kufikia mililita 10). TGF-beta 1 hutaka asidi hidrokloriki ya milimola 4 yenye miligramu 1 ya albumini kwa mililita: chukua mikrolita 40 za asidi ya mola 1, ongeza maji hadi mililita 10, kisha albumini miligramu 10. Intaferoni gama ni kinyume: asidi huivunja, na haikaribishwi kabisa. Mtu anayezoea kuyeyusha kila kitu kwa asidi kwa sababu IL-2 ilikubali, ataiua intaferoni yake siku ya kwanza.

Kuyeyusha: mfano wa GM-CSF, mikrogramu 50

Ongeza mikrolita 250 za maji taratibu, ukiyateremsha ubavuni mwa kichupa. Usipige pipeti chini kwenye unga. Usitikise kwenye mashine ya kutetemesha, wala usipulize mapovu, kwa sababu protini hufunguka pale maji yanapokutana na hewa, na povu ni uwanja mpana wa kukutania. Kilaze kichupa kwa upande, kizungushe kwa vidole polepole ili maji yaguse kuta zote hadi karibu na kizibo, kisha kiache dakika 15. Sasa una miligramu 0.2 kwa mililita.

Ongeza mikrolita 250 za maji ya chumvi ya fosfeti (PBS) yenye albumini asilimia 0.2. Unapata mikrolita 500 za miligramu 0.1 kwa mililita, sawa na nanogramu 100 kwa kila mikrolita, ndani ya albumini asilimia 0.1. Albumini haipo kwa urembo. Protini iliyo chache hunata kwenye kuta za plastiki na kioo, na ikiwa nyembamba mno inaweza kunata karibu yote. Albumini hutangulia kuzishika nafasi hizo.

Usichuje. Mtu huona hofu ya bakteria, anapitisha mikrolita 500 kwenye kichujio cha mikromita 0.22, na protini inabaki kwenye kichujio. Kama ulifungua kwa usafi na ukatumia maji ya sindano, hakuna cha kuchuja. Chuja midia yako (kimiminika cha kukuzia seli) kabla ya kuongeza protini, si baada yake.

Kugawa na kugandisha

Gawa mikrolita 25 kwenye kila tyubu isiyonatisha protini. Kwa hesabu ni 20. Mkononi utapata 19. Kila tyubu ina mikrogramu 2.5, na hiyo inatosha mililita 50 za midia kwa nanogramu 50 kwa mililita. Gawa kwa kipimo cha jaribio lako ili tyubu moja ifunguliwe mara moja na kuisha. Usiende chini ya mikrolita 20, maana tone dogo hukauka na hugusa ukuta mwingi kuliko ujazo wake.

Andika kwa kalamu isiyofutika: jina, nguvu, namba ya bechi, tarehe. Karatasi za kubandika hulowa jasho la friza zikadondoka.

Gandisha haraka. PBS ya sodiamu ikiganda polepole, sehemu ya fosfeti hujitenga kama fuwele na maji yanayobaki yanageuka kuwa asidi, na tumeshaona asidi inavyomfanya intaferoni gama. Tyubu zikae dakika 5 kwenye barafu kavu iliyotiwa alkoholi, au zitawanywe kwenye rafu ya friza ya -80°C, zisirundikwe ndani ya boksi la povu zikiwa bado majimaji. Zikishaganda, zipange.

Kwa -80°C hesabu miezi 6 hadi 12, kwa -20°C miezi 3, kwa friji ya 4°C wiki moja. Cheti kikisema vingine, fuata cheti. Usitumie friza ya nyumbani inayojiyeyusha barafu yenyewe. Hiyo hupasha joto kuta zake kila mara, na kila inapofanya hivyo tyubu ndogo huyeyuka na kuganda tena bila wewe kujua.

Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kutofungua mlango. Mapema, stima ikiwa bado ipo, jaza nafasi zilizo tupu kwenye friza ya -80°C kwa chupa za maji ya chumvi, gramu 300 za chumvi ya mawe kwa lita moja ya maji, ukiacha nafasi juu ya chupa maana maji hutanuka. Chumvi ya Gongoni iko mlangoni petu, tuitumie. Maji matupu yakiyeyuka hushikilia 0°C. Maji haya hushikilia -21°C, na tofauti hiyo ndiyo inayoweka protini ikiwa imeganda. Stima ikikawia na jenereta haipo, nunua barafu kwa wauza samaki, iponde, changanya sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi kwa uzani, na uzike ndani yake tyubu zilizofungwa kwenye mfuko usioingiza maji. Utashuka chini ya -10°C, pengine karibu na -18°C, kwa saa kadhaa. Koroga, mwaga maji, ongeza barafu na chumvi.

Kila friza pia iwe na kikombe cha maji yaliyogandishwa, sarafu ikiwa imewekwa juu ya barafu. Ukirudi Jumatatu ukaikuta sarafu imezama katikati, barafu iliyeyuka na kuganda tena. Usiitegemee kama kipimajoto, kwani inakuambia tu kwamba 0°C ilipitwa, lakini haihitaji betri wala mtu wa kuisoma usiku.

Hesabu za kutumia

Kwa mililita 10 za midia yenye nanogramu 50 kwa mililita unahitaji nanogramu 500, yaani mikrolita 5 za akiba yako ya nanogramu 100 kwa mikrolita. Lakini ukitaka nanogramu 1 kwa mililita ndani ya mililita 1, unahitaji mikrolita 0.01, na hakuna pipeti ya kufanya hivyo. Pitia katikati: mikrolita 2 ndani ya 198 za midia yenye albumini asilimia 0.1 (nanogramu 1 kwa mikrolita), kisha mikrolita 20 za hiyo ndani ya 180 (nanogramu 0.1 kwa mikrolita), na uchukue mikrolita 10. Michanganyiko hii ya katikati hutupwa jioni. Haigandishwi.

Makala nyingine hutaja uniti badala ya nanogramu. Soma nguvu ya bechi yako: IL-2 yenye uniti milioni 10 kwa miligramu ina uniti 10,000 kwa mikrogramu, hivyo uniti 100 kwa mililita ni nanogramu 10. Bechi nyingine ikiwa na milioni 5, utahitaji nanogramu 20. Kunakili nanogramu za mtu mwingine bila kutazama nguvu ya bechi ni kupiga ramli.

Kuthibitisha kwamba iko hai

Jeli inakuonyesha kwamba protini ipo, haikuonyeshi kwamba inafanya kazi. Kwa GM-CSF tumia seli za TF-1, seli za damu za binadamu ambazo haziwezi kuongezeka bila hiyo au saitokini nyingine kama IL-3. Zioshe mara mbili, zilaze usiku mmoja kwenye midia ya RPMI yenye seramu asilimia 10 bila GM-CSF. Asubuhi tengeneza nanogramu 20 kwa mililita: mikrolita 2 za akiba ndani ya 198, kisha 6 za hiyo ndani ya 294. Hamisha mikrolita 100 kwenye 200 za midia, koroga, rudia mpaka upate ngazi tisa, kila moja theluthi ya iliyotangulia.

Kwenye sahani ya visima 96 acha visima vya pembeni, vijaze maji tu, kwa kuwa ndivyo vinavyokauka kwanza. Safu B hadi D ziwe za bechi mpya, E hadi G za bechi ya zamani. Weka mikrolita 50 zenye seli 10,000, ongeza 50 za kila ngazi, na kisima cha kumi kipate midia peke yake. Kwa hiyo kipimo cha juu kisimani ni nanogramu 10 kwa mililita. Baada ya saa 72 ongeza mikrolita 20 za rangi ya resazurini (miligramu 0.15 kwa mililita), rudisha kwenye 37°C kwa saa 4. Kisima chenye seli nyingi hugeuka kutoka buluu hadi waridi, na hata kabla ya kuingiza sahani kwenye mashine macho yako yataona ni wapi safu mbili zinapoachana.

Kipimo kinacholeta nusu ya mwitikio kwa GM-CSF nzima huwa chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita. Gawa milioni moja kwa namba hiyo upate uniti kwa miligramu: 0.1 hutoa milioni 10. Bechi mpya ikitofautiana na ya zamani kwa mara mbili, ni tofauti ya mikono na seli. Ikizidi mara tano, rudi kwa muuzaji na grafu zako.

Panapoharibika

Seli za T hazijali IL-2 yako? Kabla ya kuilaumu, uliza kama uliziamsha. Seli ya T iliyolala haina kipokezi kamili cha IL-2. Sehemu yake ya CD25 hujitokeza baada ya kuamshwa kwa PHA (protini ya mmea) au kingamwili ya CD3, siku 2 hadi 3.

Kila kisima kinaitikia, hata pasipotakiwa? Shuku endotoksini. Bechi yenye uniti 1 kwa mikrogramu, ikitumiwa kwa mikrogramu 1 kwa mililita, inaingiza takriban pikogramu 100 za endotoksini kwa mililita, na hizo zinatosha kuamsha monositi, aina ya seli nyeupe za damu. Chemsha sehemu ya protini kwenye 100°C kwa dakika 30 na uiweke kama kisima cha kulinganisha. Protini hufa, endotoksini hubaki. Monositi zikiendelea kutoa TNF-alfa, hukuwa unapima saitokini yako hata kidogo.

Nguvu inapungua mwezi baada ya mwezi: kuna mtu anarudisha tyubu iliyofunguliwa kwenye friza. Tafuta tyubu zenye mikrolita chini ya 25.

Ukungu ukitokea wakati wa kuyeyusha, usiuchuje wala kuupasha moto. Zungusha kwa 10,000 g dakika 5, pima protini iliyobaki juu, na ujue kwamba namba iliyoko kwenye kichupa si yako tena.

FGF-2 ina tabia yake: ndani ya midia ya 37°C hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kwa siku moja, hata kama ulifanya kila kitu sawa. Ukibadilisha midia siku ya Jumatatu na Alhamisi, seli zako zina njaa ya FGF Jumanne hadi Jumatano. Iongeze kila siku, au weka heparini mikrogramu 1 hadi 10 kwa mililita ili iishike, na kisima cha kulinganisha nacho kipate heparini ileile.